Kupapasa Data

Simu ikitetemeka mfukoni, hiyo nayo ni data imekugusa. Ni data ndogo kupita zote, ndiyo au hapana, kuna ujumbe au hakuna, lakini imepita kwenye ngozi badala ya macho. Kwa watu wengi teknolojia ya mguso imeishia hapo, kwenye kazi ya kengele. Ndiyo maana kila ninapomweleza mtu kwamba kazi yangu ni kutafuta namna ya kuiwasilisha data kwa picha, kwa sauti na kwa mguso, mbili za kwanza zinapita bila maneno, ya tatu inaletewa swali: "Kwa hiyo grafu itakuwa inatetemeka?"

Haitatetemeka. Au tuseme hata ikitetemeka, mtetemo wenyewe utakuwa jambo dogo. Utafiti wa haptiki, yaani taaluma ya kuifanya mashine iguse na igusike, una zaidi ya nusu karne sasa, na jambo lililojitokeza humo tena na tena ni kwamba mkono haukai ukasubiri kuletewa habari. Unazifuata. Mbunifu anayelisahau hilo anaweza kununua mota za bei kubwa kuliko zote na bado akaishia na kengele.

Kama una kompyuta ya mapajani ya Apple ya miaka ya karibuni, ushahidi uko chini ya kidole chako. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilianza kuweka kibao cha kugusia kisichobonyea. Ukikikandamiza unasikia "tik", na kidole kiko tayari kuapa kwamba kimezama kidogo kisha kikarudi. Zima kompyuta kabisa, kandamiza tena: kibao kigumu, hakiendi popote. Kumbe vitambuzi vilivyo chini yake vinapima nguvu ya kidole, na nguvu hiyo ikifika kiwango fulani, sumaku ya umeme inakisogeza kibao kiasi kidogo mno. Wala hakisogezwi kwenda chini. Kinasogezwa ubavuni. Ngozi inavutwa upande, ubongo unatoa taarifa kwamba kitu kimeshuka.

Kiinimacho hiki kina wazee wake. Mwaka 2001 Gabriel Robles-De-La-Torre na Vincent Hayward walichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo nalipenda kuliko mengine yote ya fani hii. Unapopitisha kidole juu ya kinundu, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kidole kinapanda na kushuka. Na wakati huohuo kinasukumwa kwa ubavu, kwanza kinazuiwa kwenye mpando, halafu kinasaidiwa kwenye mteremko. Wao walitengeneza kifaa kilichoyatenganisha mambo hayo mawili. Kidole kikawa kinapita kwenye shimo halisi, kinashuka na kupanda kama inavyopasa, huku mota zikitoa misukumo ya ubavuni inayolingana na kinundu. Watu walihisi kinundu. Mkono uliiamini nguvu, ukaliacha umbo.

Miaka kama kumi kabla ya hapo, Margaret Minsky wa MIT, chuo cha teknolojia huko Marekani, alikuwa ameonyesha kwamba ukakasi wa msasa unaweza kuigwa kwa kijiti cha kuongozea kinachosukuma mbele, nyuma, kushoto na kulia tu, kisichoweza kabisa kwenda juu. Nyuma zaidi, mwaka 1953, Edward Mallinckrodt na wenzake waliandika katika jarida la Science kuhusu kishikilia balbu chenye ganda la shaba: ukikitelezeshea kidole taa ikiwa inawaka, unahisi kitu tofauti na taa ikiwa imezimwa. Umeme unaopishana mwelekeo ulikuwa ukiivuta ngozi na kuiachia mara nyingi kwa sekunde, na msuguano ukibadilika nao. Watafiti wa Disney walilitumia jambo hilohilo mwaka 2010 kwenye TeslaTouch, skrini ambayo kioo chake kilekile kinaweza kuwa laini hapa na kuwa na ukakasi pale, bila sehemu yoyote inayosogea.

Sharti lake ni moja. Kidole lazima kiwe kinatembea. Kikitulia, umeme upo, ngozi ipo, hisia hakuna.

Kwa hiyo ukitaka kumpa mtu data mkononi, sharti kwanza umpe mkono huo kazi ya kufanya. Mradi mmoja wa mapema ulioonyesha hivyo ni GROPE. Mwaka 1965 mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland alieleza ndoto yake ya onyesho la kompyuta lisiloishia machoni, linaloweza hata kumsukuma mtu. Frederick Brooks aliichukua ndoto hiyo kwa uzito, na mwaka 1967 akaanzisha mradi wake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill. Tatizo alilolichagua halikuwa la maonyesho. Dawa nyingi hufanya kazi kwa molekuli ndogo kuingia kwenye mfuko ulio ndani ya protini na kukaa humo. Ikisogea huku inavutwa, ikisogea kule inasukumwa, ikigeuka kidogo kila kitu kinabadilika. Nguvu hizo zinaweza kukokotolewa, na zinaweza kuchorwa kwa mishale. Tatizo ni kwamba mishale inayohitajika ni mingi, imeelekea pande zote, mingine ni ya kuvuta na mingine ya kuzungusha, na yote inabadilika kila molekuli inapohama. Picha ni sahihi kabisa, ila haisomeki.

Brooks na wanafunzi wake wakachukua mkono wa mashine uliotoka maabara ya Argonne, aina iliyobuniwa ili watu washike vitu vyenye mnururisho wakiwa mbali navyo, wakaubadilishia kazi. Mwanakemia anashika mpini, molekuli inaonekana kwenye skrini, na kila anapoisogeza kompyuta inampa mkononi nguvu ambayo molekuli ingeipata mahali hapo. Kompyuta za miaka ya 1970 hazikufua dafu mbele ya hesabu hizo, kwa hiyo mkono ukawekwa kando miaka kadhaa kungojea mashine zenye kasi zaidi. Taarifa kamili ilitoka mwaka 1990: kwenye kazi rahisi za kusogeza na kupachika, walioongezewa nguvu mkononi walifanya vizuri takriban mara mbili kuliko waliotegemea picha peke yake. Wanakemia nao walisema wameanza kuelewa kwa nini molekuli fulani inakaa pale inapokaa.

Mara mbili si muujiza, na muuza vifaa wa leo angeona haya kukutajia tarakimu ndogo hivyo. Mimi kinachonivutia ni jinsi faida hiyo ilivyopatikana. Mishale yote ile ilijumlishwa ikawa msukumo mmoja na msokoto mmoja, wa mahali pamoja, wa sasa hivi. Kompyuta haikumwonyesha mwanakemia uwanja wote wa nguvu. Ilimjibu swali alilolileta yeye kwa mkono wake: "Nikipita hapa?" Akitaka jibu jingine, anasogea.

Kumjibu kwenyewe ni kazi kwelikweli, na hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanaotoka kwenye kazi ya picha wanapokwama. Skrini ikichora upya mara 30 kwa sekunde, jicho linaridhika. Mara 60, halina neno. Mguso hauridhiki kirahisi hivyo. Vifaa vya kutoa nguvu kwa kawaida huhesabu upya mara 1,000 kila sekunde. Sababu yake inaonekana ukijaribu kutengeneza kitu rahisi kuliko vyote: ukuta.

Ukuta wa kompyuta ni springi. Kalamu unayoishika, iliyounganishwa na mota za kifaa, ikiwa nje ya ukuta, nguvu ni sifuri. Ikiingia ndani, nguvu inakua kadiri kina kinavyokua. Tuseme nyutoni moja kwa kila milimita, ambayo ni karibu uzito wa gramu 100. Programu yake ni mistari minne mitano. Sasa sogeza mkono kwa sentimita 10 kwa sekunde, mwendo wa mtu asiye na haraka. Kompyuta ikipima mara 30 kwa sekunde, kati ya kipimo na kipimo kalamu imekwenda zaidi ya milimita 3. Yaani unaweza kuwa umezama milimita 3 ndani ya ukuta kabla ukuta haujajua kwamba umefika. Ukishajua, unakurusha kwa nyutoni 3 kwa mpigo mmoja. Ukipima mara 1,000, umbali huo unashuka hadi sehemu moja ya kumi ya milimita.

Kuna ubaya wa pili, uliojificha zaidi. Kompyuta kila mara inatumia kipimo cha nyuma kidogo. Unapoingia ukutani, kipimo cha nyuma ni cha kina kifupi, kwa hiyo ukuta unakuzuia kwa nguvu pungufu. Unapotoka, kipimo cha nyuma ni cha kina kirefu, kwa hiyo unakusukuma kwa nguvu iliyozidi. Umelipa kidogo kuingia, umerudishiwa kingi kutoka. Ukuta wa matofali hauwezi kukupa nishati ambayo hukuileta; huu unakupa. Basi kalamu inaanza kudundadunda, inavuma, na ukiishika kwa ulegevu inaweza kukuponyoka. Katika miaka ya 1990 Edward Colgate wa Chuo Kikuu cha Northwestern na wenzake waliliweka jambo hili kwenye hesabu: ugumu wa ukuta unaoweza kuigwa una mpaka, na mpaka huo unategemea kasi ya kupima pamoja na ukinzani uliomo ndani ya kifaa chenyewe. Maana yake, kifaa kilichotengenezwa kwa ustadi hadi kikawa hakina ukinzani wowote kinashindwa kuiga kitu kigumu. Nilipolielewa hilo nilicheka peke yangu.

Kifaa kilichoitoa kazi hii kwenye maabara chache kubwa ni PHANToM, kilichobuniwa MIT na Thomas Massie, wakati huo mwanafunzi, akiwa na mwalimu wake Kenneth Salisbury, na kutangazwa kwa watafiti mwaka 1994. Ni mkono mdogo wa mezani, mota tatu, na subana ya kuvaa kwenye ncha ya kidole. (Massie baadaye alichaguliwa kuwa mbunge wa Marekani. Sijui fani nyingine ya kompyuta yenye mzee wa namna hiyo.) Vifaa vya ukoo huo bado vinatumika kufundishia upasuaji na kuchonga maumbo kwenye kompyuta. Lakini angalia unachopewa: nukta moja ya mguso. Kuijua data yote kwa nukta moja ni kama kuijua nyumba nzima kwa kuichomachoma kwa ncha ya fimbo. Inawezekana, ila inategemea sana unajua pa kuchoma.

Tatizo hilo la upana ndilo linalowashinda wanaodhani kazi ni kuchukua picha na kuinyanyua. Ninakutana nalo mara kwa mara. Mtu ana grafu nzuri ya skrini yenye mistari sita ya rangi, gridi, maelezo pembeni na alama za kila mwaka. Anaipeleka kwenye mashine ya kuchapa nundu, kila wino unakuwa kinundu, kisha anamkabidhi msomaji asiyeona. Msomaji anapapasa kidogo, kwa adabu, halafu anauliza grafu inasema nini.

Mwili una hesabu zake, na zimejulikana muda mrefu. Ernst Heinrich Weber wa Leipzig alizipima kwa ncha mbili za bikari na kuchapisha matokeo mwaka 1834. Kwenye ncha ya kidole, nukta mbili zinatambulikana kuwa mbili zikiwa zimeachana kwa takriban milimita 2. Mgongoni zinahitaji kuachana kama sentimita 4. Kiganja kizima pamoja na vidole vyake kinahudumiwa na nyuzi za fahamu za mguso zipatazo 17,000. Jicho moja lina takriban milioni moja. Na jicho linaweza kuikamata picha nzima kwa mtupo mmoja, likajua umbo lake kabla halijasoma neno hata moja, wakati kidole kinapita mahali pamoja, kinakumbuka, kinaenda pengine, kinaunganisha.

Louis Braille, aliyebuni maandishi ya nukta nundu ya wasioona, aliyaelewa haya akiwa kijana wa miaka 15. Mfumo aliourithi ulikuwa wa Charles Barbier, wenye nukta 12 kwa kila alama. Alama ya nukta 12 ilikuwa ndefu kuliko ncha ya kidole. Msomaji alilazimika kupandisha na kushusha kidole ili aipate yote. Mwaka 1824 Braille aliipunguza hadi nukta sita. Katika nukta nundu za leo nafasi kati ya nukta na nukta ni karibu milimita 2.5, juu kidogo tu ya kipimo cha Weber. Herufi nzima inakaa chini ya kidole, na kidole kinaendelea na safari yake upande mmoja bila kusimama. Nikiulizwa ni kazi gani ya kuwasilisha data iliyofanikiwa kuliko zote katika historia ya mguso, nitaitaja hiyo. Alichokiangalia Braille ni kidole kinavyokwenda. Umbo la herufi zilizochapwa aliliacha kabisa.

Kwenye grafu, kumfuata Braille maana yake ni kukata bila huruma. Gridi inaondoka, kwa sababu kidole hakiwezi kuipuuza. Jicho likiona mistari ya kijivu hafifu linaijua kuwa ya nyuma, kidole hakina cha kijivu. Mistari sita inakuwa miwili, au inakuwa karatasi tatu. Mistari inayokutana inapewa mikwaruzo tofauti, mmoja laini, mwingine wa nukta, na pale inapokatana mmoja unaachiwa nafasi upite. Rangi ilikuwa ikifanya kazi gani? Kama ilikuwa ikitenganisha makundi, kuna ukakasi. Kama ilikuwa ikionyesha kiasi, hapo ni mtihani, maana mtu hupata taabu kuupanga ukakasi kwa daraja. Anajua huu si ule, ila hajui huu ni mara ngapi ya ule. William Cleveland na Robert McGill walipima mwaka 1984 jinsi jicho linavyosoma grafu, wakakuta nafasi kwenye mizani moja inasomwa kwa usahihi kuliko urefu, urefu kuliko pembe, na eneo na rangi zinakuja nyuma. Orodha kama hiyo ya vidole bado haijawa na nguvu ileile, na ingekuwa ni juu yangu fedha nyingi zinazomwagwa kwenye glavu za mguso za michezo ya kompyuta zingehamia huko.

Nimesema kidole sharti kitembee. Ushahidi mzito kuliko wote wa jambo hilo hautoki kwenye kidole, unatoka mgongoni, sehemu ambayo Weber mwenyewe aliikuta ni butu. Mwaka 1969 Paul Bach-y-Rita na wenzake walieleza katika Nature kiti cha daktari wa meno walichokigeuza: kwenye egemeo waliweka vitetemeshi 400, safu 20 kwa 20, vilivyounganishwa na kamera ya televisheni. Palipo na mwanga, kitetemeshi cha mahali pake kinatetemeka. Wasioona walikaa hapo wakajifunza kutambua vitu, na baadaye hata nyuso. Walioachiwa waishike kamera wenyewe, waizungushe na kuisogeza, waliacha kuhisi mikuno mgongoni na wakaanza kuhisi vitu vikiwa mbele yao, pale vilipo. Kamera ikiendeshwa na mtu mwingine, mtetemo ulibaki mtetemo. Kuna simulizi ya mshiriki ambaye lenzi ilivutwa ghafla bila yeye kujua. Akainua mikono na kujirusha nyuma, kana kwamba kitu kinamjia usoni, ilhali chote kilichomgusa kilikuwa mgongoni mwake.

Vitetemeshi vilevile, ishara zilezile, mgongo uleule. Tofauti pekee ni nani anayesogeza.

Susan Lederman na Roberta Klatzky waliliwekea jambo hili utaratibu mwaka 1987. Waliwapa watu vitu, wakawafunika macho, wakawauliza maswali tofauti, kisha wakaangalia mikono. Akiulizwa ukakasi, mtu husugua kwenda na kurudi. Akiulizwa ugumu, hukandamiza. Joto, hutuliza mkono juu ya kitu bila kuusogeza. Uzito, hukiinua. Umbo kwa jumla, hukikumbatia kwa kiganja. Umbo kwa uhakika, hufuata kingo kwa ncha ya kidole. Ukiutazama mkono unaweza kujua swali bila kulisikia. Tangu niijue kazi hiyo, sianzi tena na swali la nitumie mota gani. Naanza kwa kuuliza ni mwendo upi kati ya ile sita mtu ataufanya, na kama kifaa hakimruhusu kuufanya, basi data ya namna hiyo isipelekwe huko. Kifaa cha nukta moja hakikumbatiwi. Kioo cha TeslaTouch hakiinuliwi.

Wanaofanya kazi ya skrini peke yake wanaweza kudhani haya hayawahusu. Yanawahusu sana. Grafu ya kuchezea kwenye skrini ni mzunguko uleule: unatenda, unaona, unatenda tena. Mwaka 2014 Zhicheng Liu na Jeffrey Heer waliongeza nusu sekunde ya ucheleweshaji kwenye programu ya kuchunguza data, nusu sekunde tu, wakawaacha watu wachunguze. Walisogea kidogo, waliangalia sehemu chache za data, wakatoa maoni machache na dhana chache. Kilichoniuma zaidi ni kwamba walioanza na programu nzito waliendelea kuathirika hata walipopewa nyepesi. Mtu akishazoea kwamba kuuliza kunagharimu, anapunguza maswali.

Niliwahi kushiriki kwenye mradi wa ofisi moja ya umma iliyotaka dashibodi "yenye mvuto". Kila chati ikapewa mwondoko: nguzo zinachipuka, duara linajizungusha, ramani inafunguka taratibu. Ukibofya, unasubiri mchezo uishe ndipo upate tarakimu. Hakukuwa na kitu hata kimoja cha kuuliza. Huwezi kuchagua miaka, huwezi kulinganisha maeneo mawili, huwezi kukamata kundi la nukta kwenye chati moja ukaona ziko wapi kwenye chati nyingine, jambo ambalo Richard Becker na William Cleveland walilieleza tangu 1987. Waliokabidhiwa walifurahi. Baadaye nikasikia wafanyakazi wanapakua majedwali na kuyafungua wenyewe pembeni, na siwalaumu.

Sauti nitaipitia kwa haraka, si kwa kuidharau, bali kwa kuwa yenyewe imeshakubalika zaidi. Kifaa cha kupima oksijeni kwenye damu hulia kwa kila pigo la moyo, na mlio unashuka sauti kadiri oksijeni inavyoshuka. Daktari wa ganzi anajua hali ya mgonjwa huku macho yake yako kwenye kazi nyingine. Mwanaastronomia Wanda Díaz-Merced, aliyepoteza uwezo wa kuona, alirudi kwenye utafiti kwa kuzigeuza data za nyota kuwa sauti. Sauti ina kitu ambacho mguso hauna: inakufuata hata usipoitafuta. Kwa hiyo viwili hivyo vinaweza kugawana kazi. Sauti ikuambie kuna jambo, mkono uende ukaliangalie.

Kuna njia ya kale inayowakumbusha wahandisi kwamba si lazima kuwe na mota. James Clerk Maxwell, baada ya kusoma kazi ya Josiah Willard Gibbs kuhusu joto na nishati, alifinyanga uso wa hesabu hizo kwa udongo mwaka 1874, akatoa nakala za plasta na moja akampelekea Gibbs huko Marekani. Mistari ya halijoto na ya mgandamizo ilichorwa juu ya kitu unachoweza kukishika na kukigeuza. Karibu miaka 140 baadaye, mwaka 2013, Yvonne Jansen, Pierre Dragicevic na Jean-Daniel Fekete waliwapa watu chati za nguzo za pande tatu, nyingine za kwenye skrini, nyingine zikiwa zimeundwa kuwa vitu halisi, za kushikika. Za kushikika zilishinda zile za pande tatu za skrini, na sehemu ya ushindi ilitoka kwenye mguso wenyewe: watu walikuwa wakiweka kidole kwenye nguzo moja ili wasiipoteze, huku wakitafuta nyingine. Kidole kilikuwa alama ya ukurasa.

Mwaka huohuo kundi la Hiroshi Ishii huko MIT lilionyesha inFORM, meza yenye pini 900 zinazopanda na kushuka kwa amri ya kompyuta. Grafu inainuka, unaisukuma, inabadilika. Nilipoona picha zake za video kwa mara ya kwanza niliamini tumefika. Halafu unafanya hesabu: safu 30 kwa 30, kila pini na mota yake, na waya, na vumbi. Skrini ya simu ina mamilioni ya nukta na haina kinachokwama. Vifaa vya nukta nundu vinavyojibadilisha navyo bado hutegemea vipande vya kauri vinavyojikunja kwa umeme, seli moja moja, ndiyo maana vingi vina mstari mmoja tu wa maandishi na bei yake ni kilio cha kila anayevihitaji. Karatasi yenye nundu inabaki kuwa ya bei nafuu kuliko vyote hivyo. Tatizo lake ni kwamba haijibu.

Kwa sasa najaribu kitu cha katikati: karatasi yenye mihimili miwili tu ya nundu, na juu yake kalamu ya nguvu ambayo haimburuti mtu kwenye mstari wa grafu. Inamwacha autafute mwenyewe, na inampinga pale tu anapouvuka. Niliwahi kujaribu ile inayomburuta. Watu waliifuata vizuri hadi mwisho, na walipoulizwa wamepita wapi walisema hawajui. Hii ya sasa inawachelewesha, ila mteremko wanaueleza kwa uhakika, hata unapobadilika kidogo. Wanachokikosa ni vilele. Kalamu inafika juu, inateleza upande wa pili, na mtu anaapa kwamba bado anapanda. Nimeongeza ukinzani kwenye kilele, haikusaidia. Wiki ijayo naweka sauti.